Moto wa Bluu Ulikuwa wa Skola

Juzi jiko langu lilianza kutoa moto wa rangi ya chungwa. Nilikuwa nachemsha chai ya asubuhi katika chumba changu cha kupanga, na chini ya sufuria, ambayo nilikuwa nimeisugua jana yake tu, masizi yakaanza kutanda. Nikafunga gesi, nikasubiri kichwa cha jiko kipoe, nikakitoa, nikakiloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni na siki kidogo, kisha nikachukua sindano na kuanza kuchokonoa tundu moja moja. Mvuke wa siki ukanipanda puani. Papo hapo nikamwona Skola, amechuchumaa kwenye sakafu ya jikoni kwetu Lipangalala, pale Ifakara, sindano ya cherehani mkononi, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, na mimi nimesimama mlangoni nikitamani alikose tundu ajichome kidole.

Siamini sana habari za harufu kurudisha mambo yaliyopita. Nadhani mambo hayo huwa yapo muda wote, yamekaa tu kama wageni wasioaga, na harufu tunaisingizia. Lakini siku hiyo nilikaa na kile kichwa cha jiko mkononi mpaka maji yakapoa, nikiona wivu. Sikuwa naukumbuka wivu, nilikuwa nauona, ule ule wa mtoto wa miaka tisa, mkavu, wenye ladha ya shilingi ukiiweka ulimini. Watu husema wivu wa mtoto ni mdogo kama mtoto mwenyewe. Sijui wamempima nani.

Kabla ya gesi, mimi nilikuwa na cheo nyumbani. Nilikuwa mpalia wali. Mama alikuwa fundi cherehani, anashona barazani kwetu, na chakula alikipika huku akiamka kila baada ya muda kwenda kukitazama. Wali ulipokaukiwa maji aliniita, "Pina! Njoo upalie." Nilichukua koleo, nikatoa makaa kutoka chini ya sufuria moja baada ya jingine, nikayapanga juu ya mfuniko, makubwa katikati, madogo pembeni, bila kudondosha hata jivu. Moto chini kidogo, moto juu, na wali ukaiva kutoka pande zote mbili mpaka kila punje ikasimama peke yake. Harufu ya mchele wetu ukishapaliwa mnaijua. Kama hamuijui siwezi kuwasaidia.

Mama alikuwa anawaambia wateja wake waliosubiri nguo, "Huyu wangu ana mkono wa wali." Nilikuwa mtoto wa pekee. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya miti Uchindile na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu, mama na mimi, na maneno yale alikuwa ananiambia mimi hata kama alikuwa anamtazama mteja. Bonde zima linalima mpunga. Kusifiwa wali Ifakara si jambo dogo.

Kisha mama akaanza kukohoa. Kila akipuliza jiko alikohoa mpaka machozi, na baba, mtu asiyesema sana, safari moja akaja na boksi. Ndani kulikuwa na jiko la gesi la plate mbili, moja kubwa na moja ndogo, uso wake wa kioo cheusi kinachong'aa kama jicho la ng'ombe. Wiki ile ile akaja Skola kutoka kijiji cha Mbingu, na sanduku la bati, na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Alikuwa binti wa dada yake mama. Kwao ni ndani, huko mashambani, na kutoka nyumbani kwao kwenda sekondari ilikuwa mwendo wa saa mbili na mvua ikinyesha hakuna mwendo kabisa. Kwa hiyo mama alikuwa amemwambia dada yake: mlete, asomee hapa. Skola alikuwa na miaka kumi na minne.

"Msalimie dada yako," mama aliniambia.

"Shikamoo," nilisema.

"Shikamoo dada," mama akasahihisha.

Nilisema shikamoo nyingine, nikaiacha hapo.

Aliyekuja kulifunga jiko alikuwa Baba Nasra, muuza mitungi mwenye duka karibu na soko. Wazazi wake walitoka pwani, na yeye mwenyewe alikuwa amezeeka hapa hapa Ifakara akiuza mafuta ya taa kwanza, halafu gesi. Mama alisimama mlangoni, kanga mdomoni, tayari kukimbia. Baba Nasra aliuweka mtungi chini, akaufunga mpira kwa klipu, akakaza regulata, akasema "Bismillahi", ndipo akafungua.

"Haya," alisema. "Jiko hili mwenyewe nani? Kila jiko la gesi liwe na mtu wake mmoja. Wakiwa wawili, kila mmoja anadhani mwenzake amefunga."

Mama alinitazama mimi. Naapa alianza kunitazama mimi. Kisha akamtazama Skola.

"Skola," alisema.

Leo naelewa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, mwenzangu kumi na minne, na mtungi wa gesi si mdoli. Ningekuwa mama ningechagua vile vile. Kuelewa huku hakujawahi kunisaidia chochote.

Baba Nasra alimfundisha pale pale, kwa kumhoji kama mwalimu wa katekisimu.

"Ukibadilisha mtungi unafanya nini?"

"Napaka povu la sabuni kwenye maungio."

"Povu likivimba mapovu?"

"Gesi inavuja. Nafunga, nafungua madirisha, siwashi kitu."

"Hata taa?"

"Hata taa siigusi."

"Na ukitaka kujua inavujia wapi, si unawasha kiberiti tu?"

Skola alisita. Mama akaitikia kutoka mlangoni, "Hapana!"

"Ukiwasha kiberiti utajua kweli inavujia wapi," Baba Nasra alisema, akikusanya spana zake. "Tatizo hutapata nafasi ya kumwambia mtu."

Walicheka wote watatu. Mimi sikucheka, kwa sababu hakuna aliyenigeukia ili nicheke naye.

Tangu siku ile nilimchunguza Skola kama askari. Mtungi mpya ukija, alipiga povu kwenye kibakuli, akalipaka kwa vidole kwenye shingo ya mtungi na kwenye mpira, polepole, akainamisha kichwa na kutazama. Mimi nilidhani anauogesha. Nilidhani mtungi ulitakiwa kuogeshwa ukifika, kama mtu aliyetoka safari. Kisha alifanya ishara ya msalaba ndipo akafungua, na mimi, niliyekuwa nimemsikia Baba Nasra akisema Bismillahi, niliamini kabisa kwamba hilo nalo ni sehemu ya ufundi, kwamba gesi haiji bila kuombewa, na kila mtu hutumia dini yake.

Kila Jumamosi alivitoa vichwa vya jiko, akaviloweka, akavichokonoa kwa sindano aliyopewa na mama, akavisuuza, akavianika juani kwenye ungo mpaka vikauke kabisa, akavirudisha na kuvitikisa kidogo kuhakikisha vimekaa sawa. Kioo alikipangusa kwa kitambaa chenye siki. Alipowasha, moto ulitoka bluu, mfupi, umejipanga duara kama meno ya mtoto mdogo. Mama aliacha cherehani yake kuja kuutazama.

"Pina, njoo umwone dada yako! Njoo uone moto!"

Niliuona. Ulikuwa mzuri. Ndiyo sababu ya yote.

Niliruhusiwa plate ndogo, kuchemshia uji wangu wa asubuhi, Skola akiwa amesimama karibu. Na hapa ndipo lilipokuwa fumbo lililonikosesha raha miezi mingi: mimi nikiwasha, moto ulitoka wa chungwa, mrefu, unaotikisika na kulamba sufuria mpaka ikawa nyeusi. Akiwasha Skola plate yake kubwa, bluu. Mimi chungwa, yeye bluu. Hitimisho langu lilikuwa moja tu. Jiko limemchagua.

Nilijaribu kulibembeleza. Asubuhi moja kabla ya kuwasha nilisema Bismillahi, kisha nikafanya ishara ya msalaba, ili nisiache mlango wowote. Moto ukatoka wa chungwa vile vile. Skola alikuwa ameniona.

"Unafanya nini, we?"

"Nasali."

"Safisha jiko, acha kumsumbua Mungu."

"Plate hii yangu. Nasafisha mwenyewe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Plate ndogo nilikuwa nimemkataza asiiguse. Uji wangu ulifurika karibu kila asubuhi, ukaingia kwenye matundu na kukaukia humo. Mimi nilifuta juu kwa kitambaa kibichi nikamaliza, na siku nilizojaribu kukiosha kichwa nilikirudisha kikiwa na maji, tena kimekaa upande. Jiko halikuwa na habari na mimi. Moto wangu ulikuwa wa chungwa kwa sababu ya wivu wangu mwenyewe, kwa njia ya uji. Nilikuja kulielewa hilo ukubwani, na niliona aibu kubwa kuliko ile ya kusingizia.

Kwa sababu nilisingizia pia. Hiyo ndiyo habari yenyewe.

Wali wa gesi haukuwa na mtu wa kuupalia. Skola aliupika kwa moto mdogo na kuufunika kwa mfuniko wa bati wenye sahani nzito juu yake, na ulitoka mzuri, ila juu ulibaki na unyevu kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa amesema siku moja mezani, "Mama mdogo, wali wa gesi haukauki juu kama wa kwetu." Mama akasema tutazoea. Mimi nililihifadhi neno lile.

Ikafika Jumamosi moja ambayo mama alitoka kwenda kumpima mteja, mama mmoja mgonjwa asiyeweza kuja barazani. Aliacha pasi yake ya mkaa mezani, imejaa moto, kwa kuwa alikuwa katikati ya kunyoosha sare za shule. Skola aliinjika wali, akapunguza moto, akachukua ndoo.

"Nakwenda bombani. Usiguse kitu, Pina. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nilisubiri mpaka sauti ya ndoo ikapotea. Sikuwa na nia ya kuharibu, na sisemi hivi ili nijitetee. Nilitaka mama arudi, afunue sufuria, aone punje zimesimama, aseme: nani amepalia? Nilifungua pasi, nikachukua koleo letu la zamani lililokuwa limetupwa nyuma ya mlango, nikaondoa ile sahani nzito, nikapanga makaa saba juu ya mfuniko. Makubwa katikati, madogo pembeni. Mkono haukutikisika. Nilirudi nyuma kuitazama kazi yangu, na kwa muda mfupi nilikuwa tena mtu wa nyumba ile.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba sufuria ya kupalia huwa nzito na mfuniko wake huwa mzito. Bati la Skola lilikuwa jepesi. Ndiyo maana aliweka sahani. Mvuke uliinua ukingo mmoja, mfuniko ukainama, na makaa yakateremka kama watoto kwenye mteremko. Mawili yakaangukia kioo. Moja likapita nyuma ya jiko, likatua juu ya mpira wa gesi.

Kioo kilisema "pa!" na ufa ukakikimbia kutoka pembe hadi pembe. Kisha ikaja harufu ya mpira unaoungua, na juu yake ile nyingine, ya gesi, ya kabichi iliyooza. Chuoni nilikuja kufundishwa kwamba gesi yenyewe haina harufu, kwamba ile huongezwa kiwandani makusudi ili mtu akimbie. Mimi sikukimbia. Nilisimama nikitazama ulimi wa moto, mdogo tu, wa chungwa, ukisimama juu ya mpira. Niliwaza: hata huu umekuja wa rangi yangu.

Skola aliingia akiwa bado na ndoo kichwani. Aliitupa. Hakunikimbilia mimi wala hakulikimbilia jiko. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi, akashika regulata, akafunga. Moto ukazimika hapo hapo kana kwamba haukuwahi kuwepo. Kisha akaniburuta kwa mkono hadi uani, akarudi kufungua dirisha, na kaa lile lililokuwa linatafuna mpira alilitoa kwa vidole vyake.

Tulisimama uani tukihema. Vidole vyake vitatu vilikuwa vimebabuka.

"Ningekuwa bado kwenye foleni," alisema. "Pina, ningekuwa bado kwenye foleni ya maji."

Mama aliporudi alikuta maji yamejaa jikoni, kioo kimepasuka, mpira umeyeyuka, na wali mbichi umesimama katikati ya yote. Alishika kiuno.

"Nani?"

"Pina alipalia wali," Skola alisema.

Mama akanigeukia. Na mimi nikasikia sauti yangu ikitoka, tulivu kabisa, sauti ya mtoto anayesoma kitabu darasani.

"Ni yeye. Alisema wali wa gesi haukauki juu. Akachukua makaa kwenye pasi. Mimi nilikuwa nje."

"Mwongo!" Skola alipiga kelele. "Mama mdogo, huyu ni mwongo!"

Alikuwa amepiga kelele, mimi sikupiga. Na yale maneno ya wali kutokauka mama aliyakumbuka, maana aliyasikia kwa masikio yake. Vidole vilivyoungua vilikuwa vya Skola. Nyumba yetu iliponea chupuchupu, na mama, aliyekuwa akiiogopa gesi tangu siku ya kwanza, alihitaji mtu wa kumwogopa badala yake.

"Nilikuachia jiko," alimwambia. "Nilikuachia na mtoto. Ningerudi hapa nikute nini, Skola? Majivu?"

"Mama mdogo, haki ya Mungu..."

"Kesho asubuhi unapanda gari la Mbingu. Nitaongea na dada mwenyewe."

Sote watatu tulijua maana ya gari la Mbingu. Ilikuwa ni ile njia ya saa mbili na mvua. Ilikuwa pengine mwisho wa shule. Skola hakulia. Aliokota ndoo yake, akaanza kudeki.

Nilitegemea furaha. Niliingojea mchana ule wote, kama unavyomngojea mgeni aliyesema anakuja. Nilikaa barazani karibu na cherehani, mahali pangu pa zamani, na mama alikuwa karibu, na nyumba ilikuwa inarudi kuwa ya wawili. Ila mama hakuzungumza nami. Alitazama tu jikoni, akavuta pumzi, akashona mshono akaufumua.

Jua lilipoanza kushuka aliinuka, akamwita Skola chumbani. Nikawafuata hadi mlangoni. Alimpaka asali kwenye vile vidole. Kisha akamkalisha sakafuni katikati ya magoti yake, akaanza kumsuka.

"Usifike kwa dada yangu na nywele hizi," alisema. "Ataona nimekutupa."

Alimsuka twende kilioni, mistari myembamba, ile inayohitaji mtu akae saa nzima. Mimi alikuwa ananisuka mabutu, kwa haraka, kwa kuwa wateja wanasubiri. Katikati ya kusuka aliacha, akafungua kabati, akatoa kitenge. Kilikuwa cha rangi ya zambarau chenye ndege, cha kwake, alichokuwa amejiwekea bila kukikata tangu nilipoanza kukumbuka vitu. Nilikuwa nimeshawahi kumwomba kipande tu cha mdoli akakataa. Akakiweka mapajani kwa Skola.

"Hiki utashona gauni. Mwambie mama yako nimekupa mimi." Akarudi kwenye nywele. "Mimi sikufukuzi kwa chuki, mwanangu. Umesikia? Naogopa tu. Naogopa."

Na mama akalia. Machozi yalidondoka juu ya nywele za Skola, na alikuwa anaendelea kusuka.

Hapo ndipo niliposhindwa. Nimesoma na kuhoji mengi tangu wakati ule, na hili nimelihoji kuliko yote: ni nini hasa kilichonisukuma? Nimetafuta huruma, sikuiona. Nimetafuta woga wa dhambi, kesho yake ikiwa Jumapili, nao haukuwepo. Nilichokiona ni kichwa cha Skola katikati ya magoti ya mama. Hata adhabu yake ilikuwa tamu kuliko ushindi wangu. Aliyefukuzwa alisukwa, akapewa kitenge, akaliliwa. Aliyebaki alisimama mlangoni.

"Mama," nilisema.

"Nini?"

"Ni mimi niliyepalia."

Vidole vya mama vikasimama.

"Unasemaje?"

"Makaa niliyatoa kwenye pasi. Skola alikuwa bombani. Sahani niliitoa mimi."

Skola hakuweza kumgeukia mama, kichwa kilikuwa kimeshikwa. Alisema tu, polepole, "Si nilikwambia, mama mdogo."

"Nyamaza kwanza, mwanangu," mama alisema. Hata wakati ule, mwanangu alikuwa yeye. "Pina, kakae pale. Nikimaliza hapa nitakuja."

Hakumwomba msamaha. Watu wazima wa kwetu hawawaombi watoto msamaha. Alimalizia kumsuka, mstari hadi mstari, taratibu kuliko alivyoanza, na nadhani huo ndio uliokuwa msamaha. Kisha akaja na mwiko. Alinichapa viganjani, viwili huku viwili huku, akinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, uso wake karibu kabisa na wangu, macho yake yakinitazama mimi peke yangu. Niliumia sana. Na ndani ya maumivu yale, Mungu anisamehe, nilikuwa na raha.

Jumatatu Baba Nasra alikuja kubadilisha mpira. Akalifungua jiko, akapuliza majivu kutoka kwenye vifundo vya kuwashia, akatazama ufa wa kioo na kusema jiko hilo lisiwashwe tena mpaka lipate uso wa chuma.

"Makaa juu ya gesi," alisema akitikisa kichwa. "Nyinyi Wapogoro mtatuua."

Kisha akauliza tena jiko mwenyewe nani, na mama akasema Skola, bila kumtazama mtu mwingine kwanza. Skola alinifundisha sindano na povu mwezi uliofuata, jiko lilipopata uso wake wa chuma, kwa amri ya mama. Hakunifundisha kwa upole. Akinikuta nimerudisha kichwa kibichi alinigonga utosini kwa kifundo cha kidole, nikasema samahani dada. Ndiyo, dada. Nilikuwa nimechoka kulikwepa neno hilo.

Mama huwa anaisimulia habari hii. Ameisimulia nilipopata ekaristi ya kwanza, nilipokwenda chuo na nilipomaliza, na kila mara inaishia vile vile: "Mtoto mdogo vile, dhamiri ikamsuta. Alikuja mwenyewe!" Watu hunitazama kwa heshima. Mimi ninayehoji kila kitu, hili tu huliacha lipite.

Krismasi iliyopita aliisimulia tena mbele ya wageni, nasi tulikuwa jikoni, Skola na mimi, tukipakua. Siku hizi Skola anafundisha shule ya msingi Mlimba. Alisikiliza mpaka mwisho, akicheka kimya, mabega yanatikisika.

"Eti dhamiri," alininong'oneza. "We ulikuwa unaangalia kitenge."

"Ulijua?"

"Nilibanwa kichwa, sikubanwa macho."

"Sasa mbona hukumwambia mama?"

"Nimwambie nini? Alikuwa ananisuka." Akachota wali, akasawazisha kwa mgongo wa mwiko. "Tena ningemwambia ningesukwa nusu."

Hakwenda Mbingu asubuhi ile, kwa hiyo kwa hesabu yoyote ya haki kitenge kilitakiwa kurudi kabatini. Hakikurudi. Alishonewa gauni na mama mwenyewe, akalivaa kanisani mpaka likambana, na mimi nilikaa benchi moja naye Jumapili zote hizo nikiwatazama wale ndege. Nilimuuliza mama kwa nini hakikurudi, akasema muulize dada yako. Siku hiyo ya Krismasi nilimuuliza dada yangu, nusu kwa utani.

Alifuta mikono, akanitazama vizuri, kama anayemweleza mtoto jambo rahisi.

"Kile changu, Pina. Kuondoka sikuondoka, lakini kuagwa niliagwa."